Picha ukutani na sanduku la kufuli tatu

Maswali ya wasomaji kuhusu kompyuta, yanajibiwa na mwalimu mstaafu wa Tanga

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni katibu wa klabu ya programu huria katika chuo kimoja hapa Arusha. Tuko 31. Tangu klabu ianzishwe, ukutani mwa chumba chetu imetundikwa picha kubwa ya Richard Stallman, mwanzilishi wa harakati ya programu huria. Muhula huu wasichana watatu wa mwaka wa kwanza walisoma habari za kujiuzulu kwake mwaka 2019, wakaja kwenye kikao wakaomba picha ishushwe. Wakongwe walikuja juu. Walisema bila mzee yule tusingekuwa na Linux wala programu nyingine za bure, na anayemkataa yeye ameikataa harakati yenyewe. Kikao kikavunjika. Watu tisa hawajarudi tangu siku hiyo, wakiwemo wasichana wote watatu. Mwenyekiti ananiambia kundi lisilo na mtu wa kumtazama haliendi popote. Je, picha tuishushe au tuiache? Na harakati itasimama vipi siku mzee huyu atakapokuwa hayupo?
*Katibu, Arusha*

Marahaba, mwanangu. Nianze na wale tisa, picha itafuata. Ukimaliza kusoma jibu hili, watafute mmoja mmoja. Nenda kwa miguu yako hadi mabwenini kwao, usiwatumie ujumbe kwenye kundi la simu. Klabu ya watu 31 iliyopoteza tisa imepoteza karibu theluthi yake, na mzee aliye pichani hatakuja Arusha kuziba nafasi zao.

Sasa mzee mwenyewe. Nina deni kwake na sitalificha. Tarehe 27 Septemba 1983 alitangaza kwamba ataandika mfumo mzima wa kompyuta, akauita GNU, ambao kila mtu atakuwa na haki ya kuutumia, kuuchunguza, kuurekebisha na kuugawa. Januari iliyofuata aliacha kazi yake MIT, chuo kisije kikadai kwamba mfumo huo ni mali yake. Mwaka 1985 akaanzisha Free Software Foundation, FSF. Mwaka 1989 akatoa leseni ya GPL, inayosema: chukua, badili, gawa, ila ukigawa, na wenzako uwape haki zile zile ulizopewa wewe. Nimefundisha kompyuta miaka 27 na sijaona karatasi ya kisheria iliyowafaa watoto wa maskini kuliko hiyo.

Wakongwe wenu wamesema "programu za bure". Wasahihishe kwa upole. Kiingereza kina neno moja, "free", kwa mambo haya mawili, uhuru na kutolipia, na mzee amehangaika kulifafanua kwa miaka arobaini. Sisi tuna huria na tuna bure, maneno mawili, na kila moja linajua kazi yake. Tusiyachanganye wenyewe.

Lakini wale wasichana nao hawakuzua jambo. Septemba 2019, maandishi ya Stallman kuhusu kashfa ya Jeffrey Epstein, tajiri wa Marekani aliyeshtakiwa kwa kuwadhulumu kingono wasichana wadogo, ambamo alimtetea profesa wa MIT aliyekwishafariki, yaliwaghadhibisha wengi, na yakaibuka malalamiko ya miaka ya nyuma kuhusu mwenendo wake kwa wanawake. Alijiuzulu MIT, akajiuzulu na urais wa FSF. Yeye alisema ameeleweka vibaya. Machi 2021 ikatangazwa kwamba amerudi kwenye bodi. Waraka wa kutaka aondoke ulipata sahihi zaidi ya 3,000, wa kumtetea zaidi ya 6,000, na kampuni ya Red Hat ikasitisha fedha ilizokuwa ikiipa FSF. Hayo yote yako hadharani. Msichana wa miaka kumi na tisa akiyasoma, kisha akaambiwa akae chini ya picha ile ajifunze kuandika programu, ana haki ya kuuliza. Kumjibu kwamba ameikataa harakati ni kumwonea.

Ule ugomvi wenu haukuanzia Arusha wala hautaishia hapo. Mradi wa Debian, unaotengeneza mfumo wa Linux na wenye wachangiaji katika nchi nyingi, ulilifikisha jambo hilo hilo kwenye kura Aprili 2021. Walikuwa na hoja kadhaa mezani: kulaani, kuunga mkono, kulaani kwa maneno laini zaidi. Iliyoshinda ilisema kwamba Debian haitatoa tamko lolote. Kuna waliolia kwamba huo ni woga. Mimi naona waliulizana kwa utaratibu, wakahesabu, wakakubali matokeo, wakarudi kazini. Nyinyi mlipiga kelele, mkatawanyika.

Mwenyekiti wako anasema kundi lazima liwe na mtu wa kumtazama. Mwambie atazame yaliyotokea. Mwaka 1997 baadhi ya waandishi wa GCC, programu ya GNU inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, walichoka kusubiri. Marekebisho yao yalikuwa yanakaa mlangoni bila kupokewa. Wakachukua msimbo, wakafungua mradi wao pembeni, wakauita EGCS. Leseni ya mzee ndiyo iliyowapa haki ya kumpita mzee. Aprili 1999 FSF ikakubali, na EGCS ikawa ndiyo GCC rasmi. Au tazama GPL toleo la 3 la Juni 2007. Stallman alilitaka sana. Kiini cha Linux kimebaki na toleo la 2 hadi leo, kwa sababu Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux, hakulipenda. Na hata angelipenda, angelazimika kuomba ruhusa kwa maelfu ya watu, maana kila aliyeandika kipande ana haki ya kipande chake. Hapo hata Torvalds si mwenye nyumba.

Na GNU Emacs, programu ya kuandikia maandishi na msimbo aliyoianza mzee kwa mikono yake mwenyewe mwaka 1984? Februari 2008 aliwakabidhi Stefan Monnier na Chong Yidong waisimamie. Baada yao wamekuja wengine. FSF nayo imekwishapata marais wengine, Geoffrey Knauth mwaka 2020 na Ian Kelling mwaka 2025. Kwa hiyo swali lako la mwisho limeanza kujibiwa na mzee akiwa bado hai.

Linalonitia wasiwasi ni lile ambalo hukuuliza. Ngoja nikusimulie.

Mwaka 2006 watu wa Ubuntu, mfumo mmojawapo wa Linux, walikuwa wanatuma CD zake kwa posta bila malipo, popote duniani. Niliagiza, zikaja kwenye bahasha, nikaenda kuzichukua posta kama aliyepata barua kutoka kwa ndugu. Chuo nilichofundisha kilikuwa na kompyuta 24 kuukuu, nyingi zikilalamika kila asubuhi kwamba leseni zimekwisha. Akaja kijana mmoja kujitolea. Tulimwita Injinia. Kwa wiki mbili aliziweka zote kwenye Ubuntu, akaziunganisha na seva moja, na kazi za wanachuo wote zikawa zinahifadhiwa humo. Nilifurahi kupita kiasi. Nilisimama mbele ya wanachuo nikawaambia: sasa mko huru, hakuna wa kutufungia mlango.

Ikawa kila tatizo ni Injinia. Printa imegoma, Injinia. Mwanachuo kasahau nywila yake, Injinia. Alikuja hata usiku, na baiskeli yake, mvua ikinyesha. Mimi, mwalimu wa somo lenyewe, nilisimama nyuma yake akifanya kazi, nikawa namtazama mgongo, sikitazami kioo. Mwaka 2009 alipata ajira mbali, akaondoka kwa heri, tukamfanyia na karamu. Namba yake ya simu ikabadilika. Miezi miwili baadaye umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na seva ilipowaka ikataka nywila ambayo hakuna mtu chuo kizima aliyekuwa nayo. Kazi za muhula mzima zilikuwa ndani. Wiki kumi na moja, mwanangu! Wanachuo waliandika upya ripoti za mazoezi ya kufundisha kwa mkono, mmoja wao akiwa mjamzito wa miezi minane, na mimi nikimtazama.

Aliyeifungua hatimaye ni mwanachuo wa mwaka wa pili. Alisoma maelekezo, akaiwasha seva kwa njia ya matengenezo, akaweka nywila mpya. Ilimchukua robo saa. Sikulala usiku ule. Leseni ilikuwa imeturuhusu kila kitu tangu siku ya kwanza, kufungua, kusoma, kubadilisha, na hakuna kampuni yoyote iliyotuzuia. Tuliutoa uhuru wetu wenyewe, tukampa kijana mmoja mwema wa baiskeli, kwa sababu ilikuwa rahisi kumpenda kuliko kujifunza alichokijua.

Injinia hakuwa na kosa. Hakuna aliyemwomba atufundishe.

Kwa hiyo, picha ishusheni. Kazi ya mzee imo ndani ya kila kompyuta ya chumba hicho na haifutiki kwa kutoa msumari. Chumba ni cha wote 31, na sharti la kuingia lisiwe kumpenda mtu fulani. Mahali pake bandikeni zile haki nne kwa Kiswahili, kwa mwandiko wa mmoja wenu. Mzee alizipa namba kuanzia sifuri, nanyi zianzeni sifuri, hilo mheshimuni. Wakongwe wakiona uchungu, wape nafasi wasimulie kwenye kikao mzee alifanya nini, na wasichana nao waseme wamesoma nini, na asikatishwe mtu.

Kisha uliza mbele ya wote: nywila ya seva ya klabu iko kwa nani? Kama jibu ni jina moja, na nahisi ni la mwenyekiti, hiyo ndiyo picha ya kushusha kwanza.

Assalamu alaykum, dada Mwalimu. Nakuandikia kutoka Mombasa. Kwa miaka sita natunza kamusi ya tahajia ya Kiswahili, ile inayopiga mstari mwekundu chini ya neno lililokosewa. Nilianza na maneno elfu tatu, sasa yamepita 48,000. Watu hunitumia maneno, lakini kila neno napitisha mimi. Mama yangu amepata kiharusi na usiku ndio muda wangu wa kumhudumia, hivyo marekebisho yamelala tangu Ramadhani. Nikiacha, itakufa. Na kuna mtu ambaye sijawahi kumwona ameniandikia mara nne mwezi huu, anasema nachelewesha kazi ya wengi, nimkabidhi kila kitu. Mwingine nisiyemjua naye ameandika kumuunga mkono. Nimechoka, nakaribia kumpa. Wanishauri nini?
*Mtunza maneno, Mombasa*

Wa alaykumu salaam, mdogo wangu. Mwenyezi Mungu ampe mama afya. Umuuguze bila kujilaumu, kamusi ni kazi ya kujitolea na mama ni mama.

Usimpe. Sisemi kwamba mtu huyo ni mwovu, simjui. Ila ulichonieleza nimekwisha kukisoma mahali pengine, na mwisho wake ulikuwa wa kutisha.

Ipo programu ndogo iitwayo xz, ya kubana mafaili yachukue nafasi ndogo. Imo karibu katika kila Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin, kwa muda wake wa ziada, bila mshahara. Mwaka 2022 watu wasiojulikana walianza kumwandikia wakimshutumu kwa uchelewaji, wakimtaka apishe wengine. Alijibu kwa unyonge kwamba amekuwa na matatizo ya afya ya akili na kwamba kazi hii haimlipi. Pembeni alikuwapo mchangiaji mpole, mwenye bidii, aliyejiita Jia Tan. Taratibu akapewa madaraka, mpaka akawa anatoa matoleo yeye mwenyewe. Mwanzoni mwa 2024, ndani ya matoleo 5.6.0 na 5.6.1, alikuwa ameficha mlango wa siri ambao ungemruhusu aliye na ufunguo wake kuingia kwenye seva kwa mbali. Mtu mmoja, Andres Freund, aligundua kwamba kuingia kwenye mashine yake kunachelewa nusu sekunde. Nusu sekunde! Hakudharau, akachimba, na tarehe 29 Machi 2024 akautangazia ulimwengu. Mpaka leo haijulikani Jia Tan ni nani, au ni akina nani.

Wengi walipoisoma habari hiyo walimwogopa Jia Tan. Mimi nilimfikiria Collin. Mashirika makubwa ya dunia yaliegemea bega la mtu mmoja aliyechoka, na hakuna hata moja lililomuuliza kama ameamka salama. Tunapozungumzia kutegemea mtu mmoja, watu huwaza wenye majina, wa kuhutubia mikutanoni. Wengi wanaotegemewa hawana jina, wako kama wewe, usiku, chumbani, mgonjwa amelala upande wa pili wa ukuta.

Mimi niko kwenye kikundi cha akiba cha akina mama 25. Tunakutana kila Jumamosi alasiri. Sanduku letu la chuma lina kufuli tatu. Funguo ziko kwa akina mama watatu wa nyumba tofauti, na mwenyekiti hana hata mmoja. Sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Mwaka wa kwanza tulidhani ni usumbufu. Mwaka wa tatu mwenye ufunguo mmoja alifiwa ghafla Lushoto, akaondoka nao kwenye kanga. Jumamosi hiyo hatukufungua, na mwenzetu aliyetaka mkopo wa dawa ilibidi tumchangie kwa kuzunguka nyumba kwa nyumba. Tangu hapo ipo kanuni: anayesafiri anakabidhi ufunguo kabla hajapanda gari, kwa mtu aliyeandikwa daftarini tangu mapema. Nyinyi huko mnaita chama, bila shaka sanduku mnalijua.

Fanya kamusi yako hivyo hivyo. Chukua daftari, andika vitu vyote ambavyo leo viko mkononi mwako peke yako. Jina la tovuti na nani analilipia kila mwaka. Akaunti yenye msimbo. Barua pepe ambayo ukisahau nywila ndiyo inayokurudishia, hiyo ndiyo mama wa funguo zote na ndiyo husahaulika. Kanuni zako za kukubali neno, ambazo nina hakika ziko kichwani tu: kwa nini umekubali "tarakilishi" na "kompyuta" pamoja, neno la Lamu unalipokea kwa sharti gani. Hizo za kichwani ziandike kwanza. Nywila hubadilishwa kwa dakika, akili ya miaka sita haibadilishwi.

Halafu tafuta watu wawili, si mmoja. Wawe ni watu unaoweza kuwasikia sauti zao: mwalimu wa Kiswahili unayemjua, mchangiaji wa zamani aliyekutumia maneno mazuri kwa miaka. Waanze kwa kupitisha maneno mapya, nawe uwe unatazama mara moja kwa wiki. Baada ya miezi kadhaa wape funguo, kila mmoja na yake, na mlango mkubwa usifunguke kwa mtu mmoja pekee. Yule anayekuandikia mjibu kwa adabu: karibu, tuma maneno, yatapitiwa. Mwenye nia njema ataanza kutuma.

Unasema ukiacha itakufa. Guido van Rossum aliiongoza Python, lugha ya kuandikia programu, tangu toleo la kwanza la 1991, na wenzake walimpa cheo cha dikteta mwema wa maisha. Julai 2018, baada ya mabishano makali kuhusu badiliko moja dogo la lugha hiyo, alisema amechoka, anaondoka, na hateui mrithi. Amueni wenyewe mtajitawala vipi. Nakwambia watu walishikwa na butwaa. Miezi ikapita, hoja saba za utawala zikaandikwa, Desemba wakapiga kura, na mapema 2019 likachaguliwa baraza la watu 5. Waliweka sharti kwamba wasizidi wawili kutoka kwa mwajiri mmoja, na hilo napenda kuliko yote, kwa sababu waliona kwamba kampuni nayo inaweza kuwa dikteta. Guido mwenyewe alichaguliwa kuwa mmoja wa wale watano, akakaa kama mjumbe mwenye kura yake moja, na uchaguzi uliofuata akajiondoa. Python inaendelea.

Torvalds naye aliiandika Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, Aprili 2005, na Julai hiyo hiyo akamkabidhi Junio Hamano. Miezi mitatu! Hakungoja achoke. Ila huyo Hamano anaisimamia mpaka sasa, zaidi ya miaka ishirini, na nikiwa mkweli kwako, hilo nalo linanikosesha raha kidogo.

Wewe ulikuwa na miaka sita. Si kuchelewa. Mwaka huu andika, mwakani kabidhi, na leo usiku funga kompyuta ukampakie mama mafuta miguuni.

Mwalimu, naomba jibu fupi. Hapa ofisini Kigoma tunabishana: Linus Torvalds akifa, Linux itazimika?
*Fundi, Kigoma*

Haitazimika, ndugu yangu. Septemba 2018 Torvalds alikiri kwamba amekuwa akiwajibu wenzake kwa ukali usiofaa, akaomba radhi, akaenda likizo. Toleo la 4.19 likatolewa Oktoba na Greg Kroah-Hartman, kwa wakati wake. Kila sehemu ya kiini ina watunzaji wake, na wengi wanalipwa na waajiri wao kwa kazi hiyo. Kutakuwa na ubishi wa nani ashike usukani, na ubishi huo nauombea uwe wa wazi. Seva yenu ya Kigoma itaendelea kuunguruma.

Shikamoo Mwalimu. Natumia Vim kuandikia msimbo, na mara nyingi nikiifungua bila faili naona maneno ya kuomba msaada kwa watoto wa Uganda. Mwenzangu ananiambia aliyeitengeneza amekwishafariki. Je, maneno yale bado yana maana, au ni mabaki tu?
*Msomaji, Bukoba*

Marahaba. Umenigusa, maana wewe uko jirani kabisa na habari yenyewe.

Bram Moolenaar alikuwa Mholanzi. Alitoa Vim kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Mwaka 1994 alikwenda kujitolea Kibaale, mji mdogo wa wilaya ya Rakai, kusini mwa Uganda, ng'ambo tu ya mpaka wenu wa Kagera, akifanya kazi ya maji na usafi. Mnakumbuka miaka ile UKIMWI ulivyoziacha nyumba za Rakai na Kagera na watoto na mabibi tu. Aliporudi kwao hakuweka bei kwenye programu yake. Aliandika kwamba anayeipenda awasaidie watoto wa Kibaale wasome na watibiwe, akaanzisha na taasisi ya kukusanya michango hiyo. Kwa hiyo mtu aliye Tokyo au São Paulo, akifungua Vim kwa mara ya kwanza, jina la Uganda huweza kumtokea kwenye kioo kabla hajaandika herufi moja.

Kwa zaidi ya miaka thelathini yeye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho kuhusu kila badiliko. Wapo walioona mlango ni mwembamba mno, na mwaka 2014 wakachukua msimbo wakaanzisha Neovim, nayo imestawi. Bram alifariki tarehe 3 Agosti 2023, akiwa na miaka 62. Christian Brabandt, aliyekuwa amechangia kwa miaka mingi, alisimama pamoja na wenzake wakaendelea, na toleo la 9.1 la Januari 2024 walilitoa kwa kumbukumbu yake. Angalia walichofanya: kazi ya kupokea mabadiliko waliigawana, yale maneno ya watoto hawakuyafuta.

Wengi hubonyeza kitufe yakatoweka. Jioni hii ukiifungua, andika `:help uganda`, uyasome yote, kisha mwonyeshe na mwenzako.